Bunduki ya Mkopo Ni ya Nani Kabla Deni Halijaisha?

Mtu amenunua bunduki ya kuwindia kwa mkopo. Kibali kina jina lake, bunduki iko katika kabati lake la chuma, na funguo anazo yeye. Kianzio amelipa, awamu kadhaa amelipa, nyingine zimebaki. Muuzaji anamwambia, "Hiyo bado ni mali yetu." Mnunuzi anashangaa, maana kibali alichopewa na serikali hakitaji duka popote. Muuzaji naye anashangaa vipi mtu adai ni chake kitu ambacho hajamaliza kukilipia. Wote wawili wana hoja, na wote wawili huenda wamekosea, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake na kudhani amejibu la mwenzake.

Kwa kweli hapa kuna maswali matatu. Mali ni ya nani? Nani anaruhusiwa na dola kuishika? Na ikiibwa, ikiharibika au ikiumiza mtu, mzigo ni wa nani? Kwa meza au jokofu maswali haya hutembea pamoja kiasi kwamba hakuna anayehangaika kuyatenganisha. Kwa silaha yametengana kabisa, na kila moja lina sheria yake. Mkataba wa mkopo hujibu la kwanza tu. Kibali hujibu la pili tu. La tatu hujibiwa na yule aliyekuwa nayo mkononi au chini ya ufunguo wake, mara nyingi bila kujali karatasi yoyote kati ya hizo mbili.

Mali inahama lini?

Imani ya wengi ni kwamba kitu hubaki cha muuzaji mpaka senti ya mwisho ilipwe. Sheria za nchi nyingi huanza na msimamo tofauti, na msimamo huo ni wa kale. Katika kitabu cha sheria cha Justinian, mfalme wa Warumi, cha mwaka 533, kanuni imeandikwa hivi kwa maana yake: kitu kilichouzwa na kukabidhiwa hakiwi cha mnunuzi mpaka alipe bei, au amridhishe muuzaji kwa njia nyingine kama vile mdhamini au rehani, lakini muuzaji akiridhika na ahadi ya mnunuzi peke yake, kitu kinakuwa cha mnunuzi papo hapo. Mwenye kukubali kukopesha bila kujiwekea kinga ameachia mali, na amebaki na dai la fedha.

Ufaransa ilifuata njia inayofanana na hiyo. Kanuni yake ya Kiraia ya 1804, kifungu cha 1583, inasema mauziano yamekamilika na umiliki umehamia kwa mnunuzi mara tu wawili wanapokubaliana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijakabidhiwa wala bei haijalipwa. Uingereza, kwa sheria ya mauzo ya bidhaa ya 1893 iliyotungwa upya 1979, inauliza kwanza pande mbili zilikusudia nini. Zisipoonyesha kusudio lolote, na kitu ni mahsusi na kiko tayari kukabidhiwa, umiliki unahama mkataba unapofungwa, hata malipo yakiwa yameahirishwa. Ujerumani inadai zaidi: lazima kitu kikabidhiwe na wawili wakubaliane kwamba umiliki umehama. Muuzaji akijibakizia umiliki, kifungu cha 449 cha kanuni yao kinachukulia kwamba umiliki utahama siku bei itakapolipwa yote.

Basi kabla ya kubishana nani mwenye bunduki, tafuta mkataba usome kama una kifungu cha kubakiza umiliki. Kama hakipo, katika nchi nyingi bunduki ni ya mnunuzi tangu mwanzo, na muuzaji ni mdai wa kawaida. Anaweza kushtaki apate fedha zake. Hawezi kusimama mlangoni akidai arudishiwe "mali yake," kwa kuwa si mali yake tena. Wauzaji wengi wadogo wanaokopesha kwa kuaminiana hawajui kwamba wamejiweka katika hali hiyo, na stakabadhi yenye maneno "salio litalipwa mwezi ujao" haiwaokoi.

Sura nne za mkopo

Wanaouza kwa utaratibu maalumu huandika kifungu, na hapo ndipo majina yanapoanza kuchanganya watu. Chini ya msemo mmoja wa "kulipa kidogo kidogo" kuna mikataba isiyofanana hata kidogo.

Wa kwanza ni ule ambao unalipa kwanza na kuchukua baadaye. Bunduki inawekewa jina lako, lakini inakaa dukani mpaka umalize. Kwa maoni yangu huu ndio utaratibu unaofaa zaidi kwa silaha, kwa sababu hauachi hata siku moja ambayo mtu mwenye deni ana bunduki nyumbani na mdai wake anawaza namna ya kuifuata. Mgawanyo wa wajibu uko wazi: duka linaihifadhi kwa leseni yake, na ukaguzi wa mnunuzi unafanyika siku ya kukabidhiwa. Marekani, kwa mfano, uchunguzi wa rekodi za mnunuzi kupitia mfumo wa taifa ulioanza Novemba 1998 hudumu siku 30 tu kwa ununuzi husika. Aliyechunguzwa siku ya kutoa kianzio, kisha akalipa kwa miezi sita, lazima achunguzwe tena. Jambo la kuuliza mapema ni moja: ukilipa yote halafu ukakataliwa kibali, fedha zinarudi? Zinarudi zote au zimekatwa? Hilo liandikwe, maana kukataliwa hakutokani na kosa la duka wala, wakati mwingine, kosa la mnunuzi. Na duka likifilisika kabla hujamaliza, aliyelipa nusu huenda akajikuta kwenye foleni ya wadai.

Wa pili ni ununuzi kwa kukodi. Hapa sheria inasema waziwazi kwamba wewe si mnunuzi bado. Unakodi. Kila awamu ni kodi ya kutumia, na mwisho una hiari ya kununua, mara nyingi kwa kiasi kidogo cha kufungia. Kesi iliyoweka msingi wa utaratibu huu ni ya piano: Helby dhidi ya Matthews, iliyoamuliwa mwaka 1895 na Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Mfanyabiashara alimkodishia mtu piano kwa malipo ya kila mwezi kwa miezi 36. Akilipa yote, piano yake. Akichoka katikati, alikuwa huru kuirudisha. Yule mtu hakufika mwisho. Aliipeleka piano kwa mpokea rehani, yaani mfanyabiashara anayekopesha kwa kushikilia vitu, akachukua fedha. Mwenye piano akaidai. Malodi wakasema mkodi hakuwa amejifunga kununua, alikuwa na hiari tu, kwa hiyo hakuwa na umiliki wa kumpa mpokea rehani. Piano ikarudi kwa mwenyewe.

Miaka miwili nyuma, katika kesi ya Lee dhidi ya Butler, mahakama ilikuwa imeamua kinyume. Fanicha zilichukuliwa kwa mkataba unaofanana na kukodi, lakini mchukuaji alilazimika kulipa mpaka mwisho, hakuwa na nafasi ya kurudisha. Alipoziuza kwa mtu mwingine aliyenunua kwa nia njema, mahakama ilimlinda yule wa mwisho, kwa sababu mchukuaji alihesabika kuwa mtu aliyekwisha kukubali kununua. Tofauti yote ya kesi hizi mbili imo katika sentensi moja ya mkataba: je, unaweza kurudisha na kuacha, au umefungwa? Ndiyo sababu nasisitiza kusoma masharti yenyewe badala ya kichwa cha habari kilichoandikwa juu ya karatasi.

Wa tatu ni mauziano yenye dhamana, na hapa Marekani imechukua njia ya kishujaa kidogo. Kanuni ya pamoja ya biashara, ambayo karibu majimbo yote yameipokea kila moja kwa sheria yake, inasema katika kifungu cha 2-401 kwamba muuzaji akishakabidhi bidhaa, maneno yoyote ya "umiliki unabaki kwangu" yanahesabika kuwa dhamana tu. Aandike atakavyo kwa herufi kubwa, bunduki ni ya mnunuzi, na alichobaki nacho muuzaji ni haki ya kuifuata deni lisipolipwa. Faida yake ni kwamba mahakama haipotezi muda kutafuta nani mwenye jina la mali. Inauliza nani anadai nini, na kwa kiasi gani. Kwa bidhaa za matumizi ya nyumbani, dhamana ya muuzaji aliyekopesha bei hupata nguvu yenyewe bila kuandikishwa popote.

Wenye kufuata fiqhi ya Kiislamu watatambua wazo hilo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1990, liliamua kwamba katika mauziano ya awamu muuzaji hana haki ya kubaki na umiliki wa kitu baada ya kuuza, ila anaruhusiwa kuweka sharti kitu hicho kiwe rehani kwake mpaka awamu ziishe. Imeuzwa, basi ni ya mnunuzi. Deni linalindwa kwa rehani. Mawakili wa biashara na mafakihi wamefika mahali pamoja kwa njia zilizo mbali sana.

Wa nne ndio mfupi. Ukikopa benki bila kuweka bunduki kuwa dhamana, au ukilipa kwa kadi ya mkopo, muuzaji amelipwa yote. Bunduki ni yako. Deni lako ni la fedha, na benki haina mkono juu ya silaha mpaka ipate hukumu ya mahakama kama mdai mwingine yeyote.

Kibali hakithibitishi umiliki

Kibali cha silaha ni ruhusa ya kushika. Hakiulizi umenunua, umepewa, umeazima au umekodi. Sheria ya silaha ya Uingereza ya 1968 inaliweka wazi: mtu anahitaji cheti kwa kuwa na silaha, kuinunua au kuipata, na kupata kumefafanuliwa kuwa ni pamoja na kukodi, kupokea zawadi na kuazima. Kwa hiyo mkodi wa ununuzi kwa kukodi, ambaye sheria ya mali inasema si mwenye kitu, anahitaji cheti kilekile anachohitaji mwenye kitu. Na kampuni ya fedha ambayo kwa karatasi ndiyo mwenye bunduki, haijawahi kuigusa, haina hata kabati, inaweza kuwa mwenye mali bila kuishika kamwe. Siku inapotaka kuishika, kwa mikono ya mfanyakazi wake, sheria ya silaha inaamka.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikata suala hili mwaka 2015 katika kesi ya Henderson, na naona ndiyo maelezo bora zaidi yaliyowahi kutolewa juu ya kutengana kwa mali na ushikaji. Ofisa wa zamani wa doria ya mpakani alishtakiwa kwa kuuza bangi. Kama sharti la kuachiwa kwa dhamana, alikabidhi bunduki zake kwa FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho. Baadaye alikiri kosa kubwa, na sheria ikampiga marufuku kushika silaha maisha yake. Bunduki hazikuwa sehemu ya kosa na hazikutaifishwa. Akaomba zikabidhiwe kwa rafiki aliyekuwa tayari kuzinunua. Serikali ikapinga: kumruhusu aamue ziende wapi ni sawa na kumruhusu azishike. Majaji wote, kwa kauli moja, walikataa hoja hiyo. Walisema umiliki ni mkusanyiko wa haki, na marufuku imechukua haki ya kushika na kutumia. Haki ya kuuza imebaki, mradi mahakama iridhike kwamba atakayezipokea hatamruhusu azitumie au kuzitawala.

Kwa aliyenunua kwa mkopo, funzo lake ni la vitendo. Kibali chako kikifutwa katikati ya awamu, bunduki haibadiliki kuwa ya serikali kwa kufutwa huko, na deni halifutiki. Bado unadaiwa bei ya kitu usichoweza kukigusa. Kinachobaki ni kuikabidhi kwa aliyeidhinishwa, iuzwe, na fedha ziingie kwenye deni. Vivyo hivyo mnunuzi akifariki. Deni na haki ya mali vinaingia katika mirathi. Kibali hakirithiwi. Familia inayoendelea kulipa awamu kwa uaminifu huku bunduki ikikaa chumbani bila mwenye kibali imo ndani ya kosa la jinai bila kujua, na huruma niliyo nayo kwao ndiyo inayonifanya niliseme hili kwa sauti: siku za mwanzo za msiba, pamoja na mambo mengine yote, silaha ipelekwe kwa polisi au kwa muuzaji mwenye leseni ihifadhiwe.

Jina la mmoja, fedha za mwingine

Hapa ndipo watu wema huangamia. Mtu ana historia mbaya ya mikopo, au anakopeshwa kwa riba kubwa. Anamwomba nduguye achukue bunduki kwa jina lake, awamu atalipa yeye. Kwa simu au jokofu, huo ni msaada wa ukoo. Kwa silaha, ni kudanganya dola kuhusu nani mnunuzi wa kweli.

Kesi ya Abramski, iliyoamuliwa Marekani mwaka 2014 kwa majaji watano dhidi ya wanne, inaonyesha kanuni inavyokaza. Askari polisi wa zamani alitaka kumnunulia mjomba wake bastola. Mjomba alimtumia hundi ya dola 400. Askari alikwenda dukani na katika Fomu 4473, inayojazwa kila silaha inaponunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, alithibitisha kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi. Mjomba hakuwa mhalifu. Angeweza kununua mwenyewe kihalali. Haikusaidia. Mahakama ilisema fomu inataka jina la yule ambaye silaha inanunuliwa kwa ajili yake, na uongo huo ni mzito hata kama mtu aliyefichwa angefaulu uchunguzi. Mwaka 2022 Marekani ikaongeza kosa maalumu la shirikisho dhidi ya kununua silaha kwa niaba ya watu wasioruhusiwa au kwa ajili ya uhalifu.

Tofauti na zawadi ni hii: anayetoa zawadi ya kweli ananunua kwa fedha zake, naye ndiye mnunuzi. Tofauti na mdhamini wa mkopo ni hii: mdhamini anaahidi kulipa deni la mtu ambaye jina lake liko kwenye fomu, kwenye kibali na kwenye mkataba. Anayekopesha fedha pia si mnunuzi. Lakini pale jina la kwenye karatasi na mtu atakayekwenda na bunduki wanapotofautiana, swali la nani mwenye mali halina maana tena. Mnajadili kesi ya jinai.

Awamu zikikwama

Aliyekopesha kwa dhamana au kwa kukodi ana haki ya kuchukua kitu deni lisipolipwa. Haki hiyo ina mipaka, na kwa silaha mipaka hiyo ni minene zaidi.

Wingi wa mipaka ulitokana na uonevu. Uingereza ya miaka ya 1930 ilikuwa na kampuni zilizosubiri mteja akaribie kumaliza, akikosa awamu moja, zinachukua fanicha yote na malipo yote. Mbunge Ellen Wilkinson alipigania muswada uliokuwa sheria ya 1938: mteja akishalipa theluthi moja ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua bila amri ya mahakama. Kanuni hiyo sasa imo katika sheria ya mikopo ya wateja ya 1974, pamoja na haki ya mteja kurudisha kitu na kujiondoa, ambapo kwa kawaida dhima yake haizidi nusu ya bei yote. Kenya, katika sheria yake ya ununuzi kwa kukodi, imeweka kizingiti kwenye theluthi mbili. Marekani inaruhusu mdai kuchukua mwenyewe bila mahakama, mradi asivunje amani. Asilimia 60 ya bei taslimu ikishalipwa kwa bidhaa ya nyumbani, mdai hawezi kuibakiza tu na kusema tumemalizana. Lazima aiuze ndani ya siku 90, isipokuwa mdaiwa mwenyewe aridhie vinginevyo baada ya kushindwa kulipa. Kikizidi kitu baada ya kulipa deni na gharama, ni cha mdaiwa. Kikipungua, mara nyingi bado anadaiwa.

Sasa fikiria kuifuata bunduki. Imo ndani ya nyumba, ndani ya kabati, chini ya kufuli. Kuingia nyumbani kwa mtu anayekataa ni kuvunja amani kwa tafsiri yoyote. Mfuatiliaji wa madeni aliyezoea kuvuta magari usiku hana pa kuanzia, na akifanikiwa kuipata anakuwa anatembea na silaha ambayo pengine hana ruhusa nayo. Mwenye silaha anayeshtuka usiku kuona mtu kabatini kwake anaweza kufanya jambo lisilorudishika. Mkopeshaji mwenye akili anaandika kwenye mkataba kwamba deni likikwama, silaha itapelekwa na mnunuzi mwenyewe kwa muuzaji aliyeidhinishwa, au mahakama na polisi watahusishwa. Mkopeshaji asiye na leseni ya silaha, kwa maoni yangu, asikubali kabisa bunduki kuwa dhamana. Ana haki kwenye karatasi asiyoweza kuitumia bila kuhatarisha watu.

Uingereza imefunga mlango mmoja kwa nguvu: mpokea rehani haruhusiwi kupokea silaha zinazohitaji cheti wala bunduki za marisau. Marekani imeuacha wazi, lakini kwa sharti ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka 1974, katika kesi ya Huddleston, mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa alikuwa ameweka rehani bunduki tatu za mke wake, kisha akaenda kuzikomboa. Kwenye fomu alikana hukumu yake. Alijitetea kwamba kukomboa si kununua, ni kurudishiwa tu. Mahakama ya Juu ilisema kuikomboa silaha kwenye rehani ni kuipata upya machoni pa sheria, na ukaguzi unahusika. Hata leo, mwenye bunduki isiyo na shaka yoyote, akiiweka rehani kisha akarudi na fedha kamili, anajaza fomu na kuchunguzwa. Akishindwa uchunguzi, haipati, ingawa hakuwahi kuacha kuwa mwenye mali.

Akiiuza kabla hajamaliza

Kanuni ya jumla ni kwamba mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Mkodi anayeuza bunduki ya watu hampi mnunuzi wake umiliki, na mwenye mali anaweza kuifuata. Lakini tumeona katika kesi ya fanicha kwamba kuna upenyo, na Marekani nao wanao: mtu anayenunua kwa mwenzake kitu cha matumizi ya nyumbani, kwa thamani halisi, bila kujua kuna dhamana, anaweza kukipata kikiwa safi ikiwa mkopeshaji hakuwa ameandikisha dhamana yake.

Watu hujipa moyo kwamba silaha ina namba na rekodi, hivyo deni litaonekana. Halitaonekana. Rekodi za silaha huandika nani ameshika nini. Hazina safu ya madeni. Marekani hata daftari la kitaifa la bunduki za kawaida halipo, limekatazwa kwa sheria tangu 1986. Anayenunua bunduki iliyotumika aombe stakabadhi ya ununuzi wa kwanza na barua ya kumaliza deni. Uhamisho uliopita polisi kwa utaratibu wote na ukagongwa mihuri yote unaweza bado kumwacha na bunduki ambayo kampuni ya fedha itaidai.

Ikiibwa

Bunduki ikiibwa kabla deni halijaisha, awamu zinaendelea. Katika sheria ya zamani ya Uingereza hatari ilifuata umiliki, kwa hiyo aliyebakiziwa umiliki angeweza pia kubakiziwa hasara, ndiyo maana mikataba ya kukodi huandika kwamba mkodi atalipia upotevu wowote na mara nyingi humtaka awe na bima. Kwa wateja wa kawaida sheria za sasa za Uingereza na Marekani zinaangalia zaidi nani amekabidhiwa. Ukishaipokea, hasara ni yako.

Na lawama vilevile. Mtoto akiifikia, au mtu akiichukua kwa sababu kabati liliachwa wazi, hakuna mahakama itakayosikiliza utetezi wa "bado ilikuwa ya duka." Masharti ya kuihifadhi yameandikwa kwenye kibali, na kibali kina jina lako. Taarifa ya wizi kwa polisi ni wajibu wa aliyeishika. Taarifa kwa mkopeshaji ni wajibu wa mkataba. Toa zote mbili siku hiyohiyo.

Mwisho wa deni una kazi zake za karatasi. Katika ununuzi kwa kukodi, lipa kile kiasi cha kufungia, hata kiwe kidogo namna gani, kwa kuwa bila hicho hiari ya kununua haijatumika na wewe bado ni mkodi. Katika mauziano yenye dhamana iliyoandikishwa, daftari lisafishwe. Marekani mkopeshaji wa bidhaa za nyumbani anatakiwa kuwasilisha hati ya kufuta ndani ya mwezi mmoja baada ya deni kwisha, au ndani ya siku 20 mdaiwa akidai kwa maandishi, ikiwa siku hizo zitafika mapema zaidi. Barua ya kumaliza deni itaje namba ya silaha kama ilivyochongwa kwenye chuma, tarehe ya malipo ya mwisho, na maneno kwamba mkopeshaji hana tena dai lolote juu yake. Iweke pamoja na kibali, si ndani ya kabati la bunduki.